Nyumba Aliyoijenga Mjomba Seif kwenye Shamba la Filamu

Haya, tulizaneni. Tangu nirudi kila mtu ananivuta pembeni, na kila mmoja nimempa kipande chake, mwisho nasikia hadithi yangu mwenyewe inarudi kwangu ikiwa na simba ndani yake. Hapakuwa na simba. Nakuandikieni yote hapa mara moja, msome kwa zamu. Mambo ya viza na tiketi nayaacha, nyote mnayajua na hayana ladha.

Kwa wasiotujua: mimi ni Salma, mfamasia, nakaa Ansab, hapa Maskati, na mama yangu, Bi Zuwena, ambaye ana miaka sabini na saba na magoti mawili yasiyopatana. Tulikwenda Amerika, mimi na yeye, siku tisa, kutafuta nyumba ya kaka yake.

Kabla ya kuondoka Ansab

Mama ana picha moja ya mjomba Seif. Kaka huyo alimpita umri miaka kumi na mitatu, akatoka Unguja na meli ya mizigo akiwa fundi seremala, Mama bado msichana wa chuo cha Kurani. Katika picha amesimama mbele ya nyumba kubwa ya mbao, ya ghorofa, ina roshani na madirisha sita yenye mapazia. Kofia pana kichwani, mikono kiunoni. Nyuma ya picha aliandika kwa Kiswahili kilichonyooka: "Nyumba hii nimeijenga mimi." Chini yake, kwa penseli, jina la mahali kwa Kizungu.

Mimi nimekulia kwenye filamu za kauboi. Baba, Mungu amrehemu, alikuwa akizikodi kanda madukani Ruwi kila Alhamisi, tukizitazama sote sakafuni. Kwa hiyo siku nilipoichukua ile picha kuihifadhi kwenye kompyuta, nikaikuza, nilishtuka. Ile barabara niliijua. Ule mlango wa nyumba ya pili, wa mabawa mawili usiofika chini, niliujua. Nikaliandika lile jina la penseli kwenye simu, na jibu likaja: palikuwa shamba la kupigia filamu za kauboi, milimani nje ya Los Angeles. Leo ni bustani ya umma, watu wanakwenda kutembea na mbwa wao.

Mnaona tatizo langu. Nilijua ile nyumba ni ya aina gani. Mama hakujua. Nilimwambia tu, "Mama, pale alipokuwa mjomba Seif panajulikana. Na nyumba ipo mpaka leo."

Uso ukamkaza. Mama hakuwa akimtaja kaka yake kwa wema, na sisi watoto hatukuwahi kuambiwa kwa nini. Halafu akasema, "N'peleke. Nataka nikaione hiyo nyumba kwa macho yangu."

Nilifurahi nikaruka kama mtoto. Sikumwambia ukweli. Nilijiambia nitamwambia njiani.

Istanbul, saa saba za kusubiri

Njiani sikumwambia. Istanbul palikuwa na ukungu, ndege yetu ikasogezwa mbele saa mbili, kisha nne, kisha wakaacha kusema. Mama alivua viatu, akatandika kanga kwenye viti vitatu, akafungua mkoba wa chakula. Alikuwa amefunga vileja, sambusa za nyama na kopo la halwa, kana kwamba Amerika hawali.

Ghafla akanifinya. "Salma! Mmoja wao yule!"

Alikuwa mzee mrefu, kofia ya kauboi, buti za ngozi zenye ncha, mkanda wenye bizimu kubwa kama kisosi. Mimi mwenyewe nilishindwa kujizuia, nikamwendea, nikamwuliza kama anatoka kwenye mashamba ya ng'ombe. Akacheka. Alikuwa daktari wa meno kutoka Brazil, na zile buti alipewa zawadi na mkwewe.

Nikamkaribisha aketi nasi. Mama akamnyooshea kileja huku akionyesha kinywa chake mwenyewe, yaani kula. Mzee akainamisha kichwa kwa heshima, akaweka kileja magotini, akatoa taa ndogo mfukoni na kumwomba Mama afungue kinywa.

"Anataka nini huyu?"

"Anadhani jino linakuuma, Mama."

"Mwambie linan'uma kweli!" Na akafungua. Wallahi, Mama alipimwa meno Istanbul, katikati ya uwanja wa ndege, na watu wanapita na mizigo yao. Akaambiwa jino la nyuma lina ufa, asitafunie upande wa kushoto. Mzee akala vileja vitano. Tulipoitwa kupanda aliinua kofia na kuinama mpaka chini, na Mama alitembea mpaka mlangoni akiwa na tabasamu la msichana.

Kuingia Los Angeles na kopo la halwa

Baada ya saa kumi na tatu angani nilikuwa na macho mekundu. Mama alikuwa macho kabisa. Kwenye ukaguzi wa mizigo, afisa mmoja kijana, mpole, akalifungua kopo la halwa na kulitazama kwa muda.

"Hii ni nini?"

"Ni tamu," nikasema. "Chakula. Sukari, wanga, samli, hiliki, zaafarani."

Akaligusa kwa kijiti. Halwa ikakifuata kijiti, mnajua inavyovutika. Akakivuta zaidi. Ikamfuata. Akamwita mwenzake, naye akauliza kama ni gundi.

Mama akachoka. Akachota kwa kidole, akaila mbele yao, akalamba, akasema kwa Kiarabu, "Khalas?" yaani, basi? Wote wawili wakaangua kicheko. Wakatufungia kopo vizuri na kutupisha. Sambusa zilichukuliwa kwa sababu ya nyama. Mama alizisikitikia siku mbili.

Lango lililofungwa

Nilikuwa nimemkodi dereva wa kutupeleka milimani, Muarmenia wa makamo aitwaye Aram, mwenye gari linalonukia kahawa. Tulitoka asubuhi. Nilibandika uso dirishani njia nzima. Jamani, ile milima! Majani yamekauka rangi ya ngozi ya simba, mawe makubwa yamepandana, na hapa na pale miti mifupi minene. Ukiiondoa miti na majani, ni njia ya kwenda Yiti, kule kwetu Oman. Nilikuwa nataja kila bonde: hapa ndipo wanapojificha majambazi, hapa ndipo garimoshi linavamiwa.

"Umewahi kufika?" Aram akaniuliza.

"Kila Alhamisi," nikamjibu.

Tukafika langoni. Mnyororo. Mlinzi wa bustani, msichana mwenye sare ya kaki, akatujia akiwa ameshika kofia isipeperuke.

"Samahani sana. Upepo huu ukivuma tunafunga. Cheche moja tu na mlima wote unawaka. Uliwahi kuwaka, na karibu mji wote wa filamu ukaenda."

"Lini mtafungua?"

"Upepo ukitulia. Huenda kesho, huenda wiki ijayo."

Nilimfasiria Mama. Akashuka, akashika mnyororo kwa mikono miwili, akatazama ndani. Barabara ya vumbi ilipinda nyuma ya kilima, hakuna cha kuonekana.

"Tumetoka Maskati," akamwambia yule msichana kwa Kiswahili. "Maskati!"

Msichana akaelewa sauti yake japo hakuelewa neno. Akachukua nambari yangu, akaniahidi atanipigia.

Siku mbili za upepo

Tulikaa kwenye hoteli ndogo kando ya barabara kuu, upepo ukitikisa vioo. Mahali pa kula pa jirani palikuwa mkahawa wa Kimeksiko. Mama aliletewa maharage yaliyopondwa na mikate myembamba, akaonja, akasema, "Hawa wametuibia." Siku ya pili alikuwa jikoni kwao akimwonyesha mpishi jinsi ya kutia nazi, na mpishi akimwonyesha jinsi ya kuchoma pilipili. Hawakuwa na neno moja la pamoja ila "hmm."

Lakini muda ulikuwa unatuishia. Tulikuwa tumebakiwa na siku tatu kabla ya ndege ya kurudi, na upepo hausikii. Mchana wa siku ya pili, tumekaa kitandani na machungwa, nikamwuliza Mama jambo ambalo sijawahi kuthubutu.

"Mama, mjomba Seif alikukosea nini?"

Alimenya chungwa lote kwanza.

"Tulipofika Oman tulikuwa chumba kimoja Matrah, watu sita. Bibi yako macho yanakwenda. Nkamwandikia Seif. Nkamwambia, wewe una nyumba ya ghorofa, mchukue mama akae nawe, huko kuna madaktari. Unajua alin'jibu nini? Mstari mmoja. 'Zuwena, sina nafasi ya kumweka mama.' Ghorofa nzima! Madirisha sita! Hana nafasi ya mama yake!" Akaweka chungwa chini. "Nliichana barua hiyo. Sikumwandikia tena. Bibi yako kafa haoni, anauliza Seif yuko wapi. Na yeye kafa huko, nkasikia kwa watu."

Nilitaka kusema. Nikisema sasa, na lango halifunguki, atarudi Ansab na neno langu tu. Nikamwokotea chungwa lake badala ya kumwambia. Najua baadhi yenu mtanilaumu, na mna haki.

Asubuhi iliyofuata niliamshwa na ukimya. Mapazia hayakutikisika. Simu ikalia.

Mjini kwa kauboi

Msichana wa sare alitungojea na gari dogo la umeme kwa ajili ya magoti ya Mama, na pembeni yake alisimama bibi mmoja wa Kimarekani, mweupe wa nywele, suruali ya jinzi, mgongo umenyooka kama mwanajeshi. Alijiita Dolores. Baba yake alikuwa msimamizi wa farasi wa shamba lile, na yeye alizaliwa na kukulia humo. Sasa anajitolea kuwatembeza wageni.

Yeye ndiye aliyeendesha, nami niliketi nyuma yake nikimmiminia maswali, naye hakuchoka. Alisema kwanza palikuwa shamba la ng'ombe tu. Kisha wakaja watu wa filamu, zamani zile ambazo filamu hazikuwa na sauti, wakapenda kwamba unaweza kutazama pande zote usione nguzo ya umeme. Wakainunua ardhi, wakajenga mji: benki, kanisa, jela, hoteli, duka la sonara. Asubuhi palikuwa Texas. Alasiri wakimwaga malori ya mchanga nyuma ya kile kilima, pakawa Arabuni.

"Arabuni?" nikaruka.

"Na ngamia," akasema.

Baadaye watu walichoka na kauboi. Kampuni ikataka kuuza ardhi ijengwe majumba. Wenyeji wa bonde wakapinga miaka na miaka, wakiandamana na farasi wao mpaka mjini, hadi serikali ikaichukua iwe bustani. Halafu ukaja moto. Barabara nzima ya maduka iliteketea kwa alasiri moja. Moto ulifika kwenye kijito na ukashindwa kuvuka. Ng'ambo ya kijito yalibaki majengo matatu na banda la farasi.

"Hoteli ilibaki?" nikauliza, maana ile nyumba ya kwenye picha ndiyo hoteli ya zile filamu.

"Hoteli ilibaki."

Gari likapinda kilima, na ndiyo ile. Roshani. Madirisha sita. Mama aligonga bega la Dolores gari lisimame, akashuka peke yake bila fimbo. "Mashallah," alisema. "Mashallah, Seif." Akasimama palepale alipokuwa amesimama kaka yake kwenye picha. Kwa dakika ile nadhani chuki yote ilisahaulika, alijivuna tu. Nyumba ilikuwa nzuri kweli, mbao zimekatwa kwa ustadi, nakshi ya roshani ni kama za Unguja, maua madogo na mnyororo.

Akapanda ngazi tatu. Nikamfuata nikisema, "Mama, ngoja, nina neno." Hakungoja. Akaushika mlango akausukuma.

Nyuma ya mlango palikuwa na majani makavu, mlima, na kindi aliyekimbia. Nyumba ilikuwa ukuta. Ukuta mmoja, umeegemezwa kwa boriti ndefu zilizochimbiwa ardhini.

Mama akavuka kizingiti, akageuka, akaitazama nyumba kwa nyuma. Mapazia yalikuwa yamepigiliwa misumari. Hapakuwa na sakafu wala ngazi.

"Nyumba iko wapi?"

"Hii ndiyo nyumba, Mama. Zilikuwa za kupigia picha. Zote."

Akanitazama. "Ulikuwa unajua?"

"Nilikuwa najua."

"Tangu lini?"

"Tangu Ansab."

Nilitegemea anikaripie, lakini uso wake ulikunjamana vingine. "Basi alitudanganya," akasema. "Alimwandikia mama uongo. Bibi yako akiionyesha picha hii mtaa mzima, mwanangu kajenga Amerika! Uongo mtupu!" Akaketi kwenye boriti akaanza kulia, kilio cha hasira. Mimi niliyekuja nimejaa shangwe za utoto wangu nilisimama pale nikijiona mjinga. Nilikuwa nimempa sababu ya pili ya kumchukia nduguye.

Dolores hakuelewa maneno, ila alikuja akapiga magoti majanini mbele yake. Nikamweleza yote kwa haraka, na nikampa picha. Aliitazama, akaweka mkono kifuani.

"Huyu ni Sid," akasema. "Huyu ni Sid wangu! Huyu alikuwa kaka yake?"

Banda la farasi

Alitupeleka kwenye banda. Njiani alizungumza bila kituo na mimi nikifasiri bila kituo, naye Mama kwanza aligeuza uso pembeni. Sid alikuja kuomba kazi ya useremala. Wakamwuliza anatoka wapi, akasema yeye ni Mwarabu wa Zanzibar. Walisikia neno "Mwarabu" tu. Wiki ileile walikuwa na ngamia wanane wasiomsikiliza mtu.

"Kila mtu hapa aliamini Mwarabu amezaliwa juu ya ngamia," Dolores alisema.

Mama akageuka. "Seif? Ngamia? Hakupata kumpanda ngamia huyo! Ngamia tuliyemjua sisi ni wa kinu cha mafuta pale mtaani, wanamfunga kitambaa machoni, anazunguka kutwa."

Nilipomfasiria, Dolores alisimamisha gari. "Kitambaa machoni! Ndivyo alivyofanya! Bunduki zikianza kulia ngamia wote walikuwa wanakimbia, na Sid akaja na matambara, akawafunga macho mmoja mmoja, akawaimbia. Wakatulia. Mwelekezi wa filamu alidhani ni siri ya jangwani."

Mama alijaribu kubana midomo. Haikubanika. Akaanza kucheka, na machozi bado yanamtoka. "Siri ya jangwani! Kinu cha mafuta!" Mimi na Dolores tukacheka mpaka tukashikana.

Tangu siku ile, Dolores akaendelea, alikuwa na kazi mbili: ngamia wakiwapo, ngamia, wasipokuwapo, nyundo. Hoteli ile aliijenga yeye na wasaidizi wawili. Alijivunia nakshi. Siku ilipokamilika baba yake Dolores ndiye aliyempiga picha.

"Aliandika 'nimeijenga', Mama," nikasema taratibu. "Hakuandika 'yangu'."

Alishuka garini. Tulikuwa tumefika. Mwisho wa banda palikuwa na chumba cha kutundikia hatamu na matandiko ya farasi. Sasa wamekifanya makumbusho madogo, picha ukutani na kitanda cha chuma pembeni. "Alilala hapa," akasema Dolores. "Miaka yote aliyokuwa kwetu. Jumapili alitukaangia watoto maandazi kwenye jiko lile." Alisema hivyohivyo, *maandazi*, kwa lafudhi ya ajabu, neno alilolibeba tangu utoto.

Mama aliingia. Akanyoosha mkono wa kulia ukagusa ukuta. Akanyoosha wa kushoto, vidole vikakosa ukuta wa pili kidogo tu. Akasimama hivyo, mikono wazi.

"Hana nafasi," akasema. "Kweli hana nafasi."

Dolores akauliza alichosema. Nikamweleza kuhusu barua, kuhusu bibi na macho yake. Dolores akabadilika rangi. "Mama yake," akasema. "Njooni nje."

Nyuma ya banda, kwenye ukuta wa chumba kile, majani yalikuwa yameficha mstari wa mawe. Dolores aliyafagia kwa buti. Mawe yaliyopangwa na kutiwa saruji, pembe nne, upana wa chumba kimoja kizuri.

"Alimwambia baba yangu kwamba mama yake ni mgonjwa, anataka kumleta. Baba akamruhusu aongeze chumba. Alipanga msingi huu Jumapili nne, mimi nikimletea maji. Mbao alishazikusanya. Halafu kampuni ikatangaza inauza, hakuna ruhusa kupigilia hata msumari, na wafanyakazi wote watoke. Alitoka na sanduku moja. Sikujua kama aliwahi kumwambia mama yake."

Sikujua nifasiri vipi. Nilifasiri neno kwa neno.

Mama alivua viatu. Akaingia ndani ya ule mstari wa mawe, kwa mguu wa kulia, kama mtu anavyoingia nyumbani, na akasoma Fatiha kwa sauti. Msichana wa sare, aliyekuja nasi, alivua kofia. Dolores aliinamisha kichwa. Jua lilikuwa kali, mwewe anazunguka juu, na mimi nililia vile sijapata kulia tangu msiba wa baba.

Tuliporudi chumbani, kabla hatujaondoka, Mama aliliona jina kwenye kadi chini ya picha ya mjomba na ngamia. Limeandikwa "Sid", basi. Akaniambia niwaambie si jina lake. Dolores akatoa kalamu na kadi mpya, na Mama akamtajia polepole: Seif bin Khalfan bin Hemed bin Nassor, wa Unguja. Kadi ikajaa katikati ya majina. Wakaleta ya pili. Mama akasimama juu yake mpaka herufi ya mwisho, kisha likaingia kundi la wageni, mume, mke na watoto watatu wenye vumbi. Mama, ambaye safari nzima hakusema neno la Kizungu, aliwaonyesha ile picha kwa kidole.

"My brother," akawaambia. Na akawachotea halwa wote.

Kurudi

Ya kurudi ni mafupi. Ndege ziliondoka kwa wakati, jambo lililoniudhi, maana nilitaka kukaa. Mama alilala hadi Istanbul na kutoka Istanbul hadi Maskati. Kuhusu mimi na siri yangu, alisema mara moja tu, tukifunga mikanda: "Siku nyingine n'ambie mapema. Nngevaa viatu vya kutembelea majanini."

Waliokuja Ijumaa iliyopita walijionea yaliyobaki. Miaka ile mjomba alipofariki, Mama hakukubali khitma isomwe kwetu. Safari hii aliwaita watu mwenyewe, kwa simu yake, hadi jamaa wa Bustan ambao hatujaonana tangu harusi ya mdogo wangu. Wanaume walisomea sebuleni, sisi chumba cha ndani, na biriani ilipikwa kwa masufuria matatu. Kisomo kilipokwisha, mwanamke mmoja akauliza kwa upole marehemu ameacha nani, ili watajwe kwenye dua.

"Hakuacha mtoto wala mke," Mama alisema. Akajisogeza mbele, magoti yake yote mawili yakilalamika, ili wote wamsikie. "Mwombeeni yeye. Na mniombee na mimi, nliyemnunia miaka hamsini na yeye anapanga mawe."

Hakuna aliyeuliza mawe gani. Waliitikia amin, wote kwa pamoja, na Mama akaninong'oneza nikapakue chakula kabla hakijapoa.